Shingo ya Pwari

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu kikapu kizima cha pwari, na mtu aliyenikaripia kwa sababu ya kikapu kile ndiye aliyeniomba mwaka jana, hapa Walikale, nimwivishie pwari yake ya mwisho. Kati ya kikapu kile na pwari hiyo ndipo maisha yangu yote ya kazi yalipopita. Ninyi vijana mmezoea kununua tunda, kulipangusa kwa shati na kulitia kinywani. Sikilizeni basi habari ya tunda lisilokubali hivyo.

Pwari ni lile tunda ambalo vitabu vya Kiswahili huliita pea. Sisi wa Masisi tulilipokea pamoja na jina lake la Kifaransa, wala hatukuona haja ya kulitafutia lingine. Ziko pwari za aina nyingi, nyingine za kula siku ile ile unapozichuma, na hizo sina la kusema juu yake. Yetu ilikuwa na shingo ndefu, ngozi ya kijani yenye madoa ya rangi ya kutu karibu na kikonyo, na ilikuwa ngumu hata ungeweza kumpigia mwizi. Watu wa Kirolirwe waliiita Ngoja. Ukiila siku ya kuchumwa, ni kama kutafuna mti. Ukiingoja vizuri inakuwa laini kama siagi, na maji yake yanakutoka mpaka kwenye viwiko.

Shamba lilikuwa juu ya Kirolirwe, kwenye nchi ya ng'ombe, mahali ambapo ukungu unakaa mpaka saa nne za asubuhi. Mimi nilitoka Muheto, kwa wazazi waliolima maharage na mihogo, na baba alikuwa na ndizi za kutengenezea kasiksi, ile pombe yetu. Nilikuwa msichana bado, jina langu Maombi, na nilivaa viatu vya dada yangu. Aliyenipokea ni Shefu, yaani mkuu wa matunda. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na kisu kidogo kilichofungwa kiunoni kwa kamba. Sikuwahi kumwita kwa jina lake hata siku moja, na hapa pia nitamwita Shefu.

Alinipa vikapu viwili mbele ya nyumba ya baridi, ghala la matunda, akasema, "Panga hizi kwa rafu. Kikonyo juu, tumbo chini, moja isiguse ingine. Halafu usifanye kintu ingine."

Kikapu cha kwanza nilikipanga kama alivyosema. Cha pili nikakitazama, nikaona huruma. Nilifikiri, hawa watu wa juu hawajui kuivisha. Kwetu ndizi tunazivumbika: unachimba shimo, unalipasha moto, unalitandika majani ya ndizi, unaweka mikungu, unafunika na udongo, na baada ya siku chache umepata ndizi tamu. Kwa hiyo nikachimba shimo langu nyuma ya nyumba, nikawasha moto mdogo, nikazivumbika pwari zangu bila kumwambia mtu. Nilitaka kumpendeza. Wengi wamefukuzwa kazi kwa kutaka kupendeza.

Siku ya tano nikazifukua. Zilikuwa nzuri! Ngozi imeanza kuwa ya manjano, zinanukia. Nikampelekea kwa mikono miwili.

"Hizi zilitoka wapi?"

"Niliziivisha, Shefu. Kwetu njo tunafanyaka vile na ndizi."

Akachukua moja, akaweka kidole gumba karibu na kikonyo, akabonyeza kidogo, na uso wake ukabadilika. Akatoa kisu akaipasua. Ndani ilikuwa nyeusi kama tumbaku iliyoloa. Akapasua ya pili, ya tatu. Zote vile vile.

"Ngozi ilikudanganya," akasema. "Hii haiko ndizi, mama. Pwari inaanziaka kuiva ndani. Wakati unaona inje iko muzuri, moyo ilisha oza zamani."

Nikangoja aseme nirudi Muheto. Akanirudishia kikapu. "Pelekea ng'ombe. Kesho unakuja saa moja, na ile mayele, ule ujanja wa shimo, uiache kwenu." Ng'ombe peke yao ndio waliofurahi siku ile.

Hivyo nikaanza kufundishwa. Jambo la kwanza, pwari ya aina ile haiivi mtini. Ukiiacha juu ikuonyeshe rangi, moyo wake unaharibika ingali imening'inia. Inachumwa ikiwa imekomaa lakini ngumu, na hutambui kwa macho. Unaiweka katika kiganja, unaiinua polepole mpaka ilale, kichwa sawa na kikonyo. Ikiachia yenyewe, imekubali. Ikishikilia, unairudisha ilivyokuwa, unaenda mti mwingine. Nimewaona wanaume wenye nguvu wakishindwa kazi ile kwa sababu hawawezi kuinua bila kuvuta.

Jambo la pili liliwachekesha wapita njia wote. Huko pwari zilikotoka kuna majira ya baridi kali, miti inaangusha majani na kulala, kisha inaamka na maua. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza mti. Usipoulaza, unaendelea kuvaa majani mwaka mzima kama bwana harusi asiyetaka kuvua suti, na matunda huyaoni. Kwa hiyo baada ya mavuno tulivua miti majani. Tulipanda ngazi, tukaondoa jani moja moja kwa mkono, bila kuumiza chipukizi, mpaka shamba zima likabaki vijiti vitupu. Wachungaji wa ng'ombe walisimama kwenye njia wakituuliza miti imetukosea nini. Shefu aliwajibu, "Tunailalisha." Baada ya majuma kadhaa, miti ikatoa maua meupe, na wachungaji wale wale wakaja kusimama tena, safari hii kofia mkononi.

Jambo la tatu lilikuwa nyumba ya baridi, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kazi yangu. Ilikuwa ya mawe, imechimbwa nusu ndani ya mlima, na mfereji wa maji ya kijito ulipita chini ya sakafu ya mbao. Jioni nilifungua madirisha baridi iingie, alfajiri niliyafunga kabla jua halijagusa ukuta. Pwari zilikaa humo majuma matano, sita. Baridi ile haiivishi, inazituliza, inaziandaa. Kila siku nilipita kati ya rafu nikinusa, kwa maana pwari moja inayooza inaita wenzake. Baada ya baridi tulizileta chumba cha mbele, mahali penye joto kidogo la watu, na hapo kwa siku sita au saba zinaiva.

Na namna ya kujua? Shingo. Unabonyeza shingoni, karibu na kikonyo, kwa kidole gumba, taratibu kama unavyomgusa mtoto aliyelala. Shingo ikikubali kidogo, iko tayari. Tumbo halina habari. Kila asubuhi Shefu alikuja chumba cha mbele, akabonyeza, akasema "Bado." Siku moja alisema "Leo," na siku hiyo vikapu viliondoka. Mimi nilibonyeza pamoja naye miaka mingi, lakini sikuwahi kulisema lile neno kabla yake.

Hata mwenye shamba hakusamehewa. Tulimwita Patroni, mtu mnene, mwenye kicheko, ambaye alipenda kuja na wageni wake kuonyesha mali. Siku moja alichukua pwari akaibonyeza tumboni mbele ya wageni.

"Shefu, hii iko tayari ao bado?"

"Patroni, muniwie radhi," akasema Shefu, mikono nyuma. "Ilikuwa bado. Sasa iko na kidonda."

Wageni wakatazama sakafu. Patroni akairudisha rafuni, na tangu siku ile aliingia mikono yake ikiwa mifukoni. Nilimpenda Patroni kwa hilo.

Mara moja nilitumwa huku Walikale, kuona kama watu wa msituni wangependa pwari zetu. Nilikuwa nimeolewa tayari, mume wangu alikuwa dereva, akanibeba na vikapu vyangu. Tulizitoa kwenye baridi mapema mno ili ziivie njiani. Huku joto halina huruma, na akina mama wa sokoni walibonyeza kila tumbo walilolifikia. Siku ya tatu nilikuwa nafukuza nzi. Nilirudi Kirolirwe na vikapu vitupu na aibu. Nilimwambia Shefu nilifikiri joto litasaidia.

"Joto haiivishe," akasema. "Joto inachokesha tu."

Miaka ikapita, akazeeka, nikawa mimi mkuu wa nyumba ile. Watu waliniita Mama Baridi, na wanangu walichekwa shuleni kwa jina hilo. Kabla Shefu hajastaafu, tulifanya jambo moja ambalo sikujua uzito wake. Mbegu ya pwari haikupi pwari ile ile. Ukiipanda unapata mti usiomjua mama yake. Lazima ukate kijiti cha mti mzuri na kukifunga juu ya shina la mti mwingine mpaka vishikane. Tukakata kijiti, tukakipeleka Muheto, tukakifunga kwenye shina lililokuwa nyuma ya nyumba ya kaka yangu. Mke wake, wifi yangu Riziki, alitutazama tukifunga jeraha la mti kwa kamba ya mgomba, akauliza mgonjwa atakunywa dawa gani. Nikamwonyesha namna ya kuvua majani na ya kuchuma kwa kuinua. Akacheka sana.

Kisha ukaja ule wakati ambao kila mtu wa Masisi anaujua, na sitauchambua hapa. Tulisikia bunduki upande wa barabara, tukaondoka. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa, zimebaki siku mbili. Ninakumbuka nilifunga mlango kwa ufunguo, kana kwamba ningerudi baada ya chakula. Harufu ile ya pwari zinazokaribia, tamu na ya baridi kidogo, ilinifuata mpaka chini ya kilima. Baadaye niliambiwa miti ilikatwa ikawa makala, yaani makaa ya kupikia, na mbao za rafu zikachukuliwa. Simlaumu mtu aliyehitaji moto. Lakini nasema wazi: naikumbuka nyumba ile kuliko nyumba niliyozaliwa. Huku Walikale, kwa binti yangu, naishi vizuri, nakula samaki na wali, na bado kuna asubuhi ninaamka nikifikiri sijafunga madirisha.

Shefu naye alifikia Walikale, kwa binti yake Esperansi, si mbali na sisi. Nilikuwa namtembelea Jumapili baada ya misa. Mwaka jana miguu ilikataa, kisha chakula kikakataa. Siku moja akanishika mkono.

"Maombi, nataka kula pwari moja ya kwetu. Moja tu. Lakini isiwe ya kuharakisha."

Nikamwambia sawa, Shefu, nikatoka nje nikalia, kwa sababu niliahidi kitu nisichojua kama kipo. Nikampigia Riziki simu Muheto. Tulikuwa hatujazungumzia mti ule tangu kukimbia.

"Iko," akasema. "Na iko na matunda, si nyingi."

"Riziki! Ulikuwa unafanya aje?"

"Si uliniambia nivue majani? Kila mwaka navuaka. Hata ule mwaka tulikuwa tunalala ku kambi, nilirudi siku moja kuvua, watu wakasema nimepata wazimu."

Alizichuma kwa kuziinua, kama nilivyomwonyesha, akanitumia sita kwenye mfuko wa majani makavu. Zilisafiri kwa pikipiki mbili na kwa mgongo wa mama mmoja wa kanisani. Nne zilifika bila kidonda. Nilizipanga mezani, kikonyo juu, tumbo chini, nikakaa kuzitazama. Ngumu kama mawe. Zilihitaji majuma ya baridi, na Walikale hakuna baridi.

Baridi ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye frigo, yaani friji, ya umeme wa jua ya jirani yetu anayeuza vinywaji, ambaye tunamwita Papa Depo. Nilimweleza. Alikuna kichwa, akahamisha chupa, akanipa kona ya chini. Kila asubuhi nilikwenda kunusa frigo yake. Wateja wake walinitania: "Mama, ile ya kijani njo bia gani?" Nikawajibu ni ya wenye subira, kwa hiyo wao haiwahusu.

Juma la tatu Esperansi alikuja mbio, kitenge hakijafungwa vizuri. "Mama Maombi, papa anaisha. Umupatie sasa. Haone juma ingine."

Nilijua. Miaka yote ile nilijua. Lakini nilimwona amekuwa mdogo kitandani, nikaogopa afe bila kuonja, nami nina tunda mkononi. Nikachukua moja, nikaiweka jikoni karibu na moto siku tatu, naam, karibu na moto, mimi Mama Baridi, nikamkatia kipande chembamba. Akakitafuna. Akakitoa, akakiweka kiganjani, akakitazama.

"Hii iko kirai," akasema. Kirai, kwetu, ni kiazi. "Nani alikufundishaka kazi?"

"Niliogopa, Shefu."

"Uliogopa nini?"

Yeye mwenyewe akanijibia. "Kufa yangu haiwezi ivisha pwari. Rudisha ule moto kwa sufuria. Zingine uzingoje."

Esperansi alianza kucheka, akacheka mpaka akalia, na mimi hivyo hivyo. Niliaibika kama siku ya shimo, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Basi tukangoja. Na Shefu akangoja nasi, jambo ambalo muuguzi aliyekuja kumtazama hakulielewa. Alikunywa uji, akauliza juma la ngapi. Juma la sita nilitoa pwari mbili, nikabakiza moja kwenye frigo. Nikazileta chumbani kwake, nikaziweka juu ya karatasi kwenye kiti, upande wa kivuli. Kila asubuhi nilimwinulia mkono, kwa kuwa haukuweza tena peke yake, nikaweka kidole chake gumba kwenye shingo ya pwari. Alifumba macho.

"Bado."

Siku ya pili, bado. Ya tatu, ya nne, bado. Siku ya tano Esperansi alinong'ona kwamba pengine kidole hakisikii tena. Nilimwambia anyamaze. Siku ya sita kidole chake kilikaa pale muda mrefu, nami chini ya mkono wake nilihisi ngozi ikiingia kidogo, kidogo sana. Nikamwachia yeye lile neno.

"Leo," akasema Shefu.

Tulimkatia kwa kisu chake. Alikula ya kwanza yote, polepole, maji yakimtoka kidevuni, wala hakutaka tumfute. Ya pili aliagiza ikatwe vipande, kila mtu wa nyumba ile apate, na muuguzi naye. Kisha akaniuliza ni mti gani.

"Ule wa Muheto, Shefu. Ule tulifungaka na kamba ya mugomba."

"Kumbe ulishika," akasema, na akalala usingizi wa kawaida. Kabla sijaondoka alinipa kisu na kamba yake. "Ile ingine kwa frigo iko ya kwako," akasema.

Aliishi majuma mawili baada ya hapo. Tulimzika mvua ikinyesha.

Baada ya matanga nilikwenda kwa Papa Depo, nikachukua pwari ya mwisho. Niliiweka kwenye kabati la binti yangu, juu ya karatasi. Kila asubuhi nilibonyeza shingo nikasema "Bado" kwa sauti, na wajukuu wakadhani nasali. Mara nyingi mmeniuliza mstaafu anafanya nini. Mimi nilifanya hivyo. Siku ya saba kidole kikaingia. Nikageuka, kwa mazoea, nimsikie aseme. Nilikaa nimegeuka hivyo kidogo, nikaona nilivyobaki peke yangu na kazi ile.

"Leo," nikasema.

Binti yangu alikuwa anachagua maharage mlangoni. "Leo nini, mama?"

Nikamwita, nikachukua kidole chake gumba, nikakiweka mahali pake. "Unasikia?" Akasema anasikia. Nikaikata nusu kwa nusu, tukaila tumesimama, na maji yakatutoka mpaka kwenye viwiko.

Kisha nikanawa mikono, nikampigia wifi yangu Muheto.

"Riziki, ulisha vua majani?"

"Nilisha vua yote, dada," akasema. "Muti inalala."